Usukani Mzito wa Asubuhi

Usukani uligoma kwenye kona ya msikiti, palepale ulipogoma jana na juzi yake. Mavjuda aliushika kwa mikono miwili, akauvuta kama mtu anayemtoa ndama mkaidi zizini, lakini Opel ilipinda nusu tu ya kona, ikasimama pua yake ikiwa imeelekea ukuta wa mzee Ghafur. Chini ya boneti kitu kilinung'unika, sauti nyembamba kama ya mgonjwa anayelalamika usingizini. Kwenye kiti cha nyuma, masinia ya sambusa za tanuri yaliteleza yakagongana, na harufu ya kitunguu na mafuta ya mkia wa kondoo ikajaa ndani.

Mzee Ghafur alikuwa akifagia theluji mlangoni kwake. Hakuacha kufagia.

"Mkwe wa Sattor," alisema, "huo ni usukani au ni sufuria la sumanak? Naona unakoroga, na sikukuu ya kuukoroga uji huo bado iko mbali."

Wanaume wawili waliokuwa wakitoka msikitini wakacheka. Mmoja alimwambia ashuke wamgeuzie. Mavjuda akashukuru, akasema hashuki. Alirudi nyuma, akaikata kona kwa vipande, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na kila alipodhani amemaliza, ukuta ulikuwa bado upo. Alipofika kwenye kantini ya chuo, kengele ilikuwa imeshalia na wanafunzi wameshashiba biskuti. Mwenye kantini, mwanamke mnene mwenye meno ya dhahabu, aligusa sambusa ya juu kwa ncha ya kidole.

"Vuguvugu," alisema. "Nitachukua nusu. Sambusa ikipoa inabaki kitunguu kilichovaa nguo."

Ng'ambo ya barabara alikuwapo mwoka sambusa mwingine, mwenye gari jipya, aliyekuwa akiwahi kila siku.

*

Akobir, kaka mkubwa wa mumewe, alikuja mchana, jua likiwa limeshayeyusha barafu ya uani. Aliingia garini bila kuvua kofia yake ya manyoya, akawasha injini, akauzungusha usukani kwa kidole kimoja, kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Ulizunguka kama pia.

"Shemeji," alisema kupitia dirishani, "hebu nioneshe huo uzito. Nimeutafuta sijauona."

"Uko asubuhi."

"Uko asubuhi. Mchana unakwenda wapi, sokoni?"

"Sijui unakokwenda. Nasema ninachokiona. Baridi ikiwa kali, usukani ni mzito na pampu inalia. Jua likipanda, unalegea. Ni hivyo tangu theluji ya kwanza."

"Asubuhi hata mimi ni mzito. Mke wangu atakuambia." Akobir aliuzungusha tena, kwa raha. "Gari halina kosa. Ni mikono yako. Baba aliliendesha miaka yote ile, hakulalamika."

"Kama gari halina kosa, mbona mnunuzi uliyempata anataja bei ya gari bovu?"

Hapo Akobir alizima injini. Ni kweli alikuwa amezungumza na Ismat, mfanyabiashara wa vitunguu, naye Ismat angekuja Jumapili. Akobir hakuwa mtu mbaya, wala hapakuwa na faida yoyote ya kwake katika jambo hilo. Yeye ndiye angeitwa siku shemeji yake atakapotumbukia kwenye mfereji, na picha hiyo ilikuwa ikimkosesha raha. Alitoa simu, akampigia mdogo wake, mume wa Mavjuda, aliyekuwa kibaruani Yekaterinburg, Urusi.

Nurullo alitokea kwenye kioo cha simu akiwa na kofia ya ujenzi, nyuma yake zege na theluji.

"Mavjuda," alisema baada ya kusikiliza pande zote mbili, "lile daraja la mfereji halina kingo. Usukani ukigoma pale, je?"

"Nitaujua ugonjwa wake kabla ya Jumapili."

"Na usipoujua?"

"Ismat alichukue."

Nurullo aliirudisha nyuma kofia yake. "Umesikia, kaka. Ugonjwa ukijulikana, ukatibiwa, gari linabaki. Usipojulikana, liende."

"Jumapili," alikubali Akobir, kwa wepesi wa mtu asiye na wasiwasi.

Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama mama yao, Bi Sharofat, kitambaa cha vyombo mkononi. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, mzee Sattor, aliyefariki majira ya kuchipua yaliyopita, na yeye ndiye aliyekuwa akilipangusa vumbi kila siku, kwa kitambaa hichohicho, ingawa Mavjuda alikuwa amemnunulia kingine kwa kazi hiyo.

"Mtakavyoamua," alisema Bi Sharofat, akaingia ndani. Baadaye Mavjuda alimkuta akikosha bakuli ambalo tayari lilikuwa safi.

*

Fundi Hoshim alikwenda hatua kwa hatua, na hilo lilimpendeza Mavjuda. Alianza na upepo wa tairi, kwa kuwa tairi laini humfanya mtu aulaumu usukani bure. Upepo ulitosha. Akapiga jeki, akainua magurudumu ya mbele, akayageuza kwa mkono injini ikiwa imezimwa, akisikiliza kama kuna kiungo kilichokauka. Vyote vilikwenda. Akabonyeza mkanda unaoendesha pampu ya usukani. Ulikuwa umelegea kidogo, akaukaza, akasema huo peke yake hauwezi kuleta balaa lote hilo. Kisha akapapasa bomba la mpira linalorudisha mafuta ya usukani kwenye kikopo chake, vidole vikatoka vimelowa.

"Linavuja hapa kwenye klipu," alisema. "Na si la leo. Tazama vumbi lilivyogandamana." Akafungua kifuniko cha kikopo, akachungulia. Mafuta yalikuwa ya manjano, yanang'aa katika jua la alasiri. "Mafuta yamejaa. Basi kwenye mafuta hakuna shida."

"Yamejaa?"

"Hadi kwenye alama."

"Linavuja siku nyingi, na mafuta yamejaa."

"Ndiyo."

"Nani anajaza?"

Hoshim alinyanyua kichwa. "Mumeo?"

"Yuko Urusi tangu kiangazi."

"Shemeji yako?"

"Shemeji yangu hajui hata kikopo kilipo."

"Basi wewe."

"Ningekuwa mimi, ningekuuliza?"

Fundi alijikuna chini ya kofia. "Dada, mimi huulizwa kwa nini mafuta yamepungua. Kwa nini hayakupungua, hilo sijawahi kuulizwa." Alishauri kwamba huenda pampu yenyewe imechoka, akataja bei ya pampu iliyotumika katika soko la vipuri la Khujand. Mavjuda alisema hanunui pampu mpaka swali lake lipate jibu.

"Mbishi kama mkweo marehemu," alisema Hoshim akifunga boneti. "Tofauti ni kwamba yeye alikuwa akiniletea tikiti maji."

*

Alhamisi jioni Bi Sharofat alikaanga chalpak, kama alivyokaanga kila Alhamisi tangu alipoolewa: vipande vyembamba vya unga uliosukumwa, katika mafuta ya pamba yaliyochemka sawasawa, ili harufu iwafikie waliotangulia. Nyumba isiyotoa harufu hiyo usiku wa kuamkia Ijumaa ni nyumba iliyowasahau watu wake. Mavjuda alikuwa mezani akikanda unga wa sambusa za kesho. Kupitia dirishani alimwona mama mkwe akivuka ua, kitu kimefunikwa chini ya shali. Anapeleka chalpak kwa Ghafur, aliwaza. Kisha akawaza kwamba chalpak hubebwa kwenye sahani, na kile kilikuwa na kina cha bakuli. Lakini mikono yake ilikuwa kwenye unga, na wazo likapita.

Alfajiri ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Aliingia ghalani kuchukua mafuta ya kupaka masinia, akakuta chupa ya mafuta ya pamba imebadilika kama inavyobadilika kila baridi kali: ndani kumetanda mawingu meupe, mazito, kama samli. Kila mwaka dawa yake ni moja, chupa inawekwa karibu na jiko hadi ilegee. Aliibeba. Alipofika katikati ya ua, akasimama.

Aliiweka chupa juu ya theluji, akafungua boneti ya Opel, akafungua kile kikopo, akamulika kwa simu. Yale mafuta yaliyong'aa alasiri ya fundi hayakuwapo. Palikuwa na mawingu meupe. Alichovya kidole, akanusa.

Ilikuwa harufu ya Alhamisi.

Aliingia ndani ya gari, akafunga mlango ili asisikike, akacheka, mkono mdomoni, mpaka vioo vikafanya ukungu.

*

"Mama," alisema wakati wa chai, "jana lile bakuli ulimpelekea nani?"

Bi Sharofat alikuwa akimega mkate. Aliendelea kuumega, vipande vikizidi kuwa vidogo.

"Baba yenu."

Mavjuda aliweka kikombe chini.

"Kaburini hayuko," alisema Bi Sharofat. "Nimekwenda, nimekaa, hayuko. Maisha yake yote alikuwa chini ya boneti ya lile gari. Namwita, chakula kinapoa, ananijibu kutoka humo humo. Kama yuko mahali, yuko pale. Na kile kikopo chenye picha ya usukani alikuwa akikifungua kila wiki, anatia mafuta kidogo, anakifunga, anakipigapiga kama mtoto aliyenyonya. Alipofariki nikakifungua mimi. Kilikuwa karibu kukauka, Mavjuda. Kilikuwa na kiu. Nikasema, Alhamisi ndiyo siku yake, na mafuta ninayo."

"Ya chalpak."

"Ya juu, yaliyo safi. Yale ya chini yenye masizi sikumpa."

Mavjuda alimweleza taratibu. Bomba lilikuwa likitoa mafuta yenyewe tone kwa tone, na bakuli lilikuwa likileta ya jikoni, mpaka ya gari yakaisha yakabaki ya pamba matupu. Kiangazi yalikwenda bila shida. Baridi ilipoingia yaliganda kila usiku, na pampu ililia kwa sababu ilikuwa ikisukuma samli.

Bi Sharofat aliziba mdomo kwa ncha ya shali. "Nimeliua?"

"Hapana, mama. Mafuta yanatolewa, yanatiwa yanayostahili, basi."

"Na Akobir? Atanicheka mbele ya ukoo mzima. Kila harusi litakuwa jambo la kusimulia. Apa kwamba hutamwambia mtu."

"Sitamwambia."

"Apa kwa mkate."

Mavjuda aliweka kiganja juu ya mkate, akaapa. Aliapa haraka, kwa kuwa alikuwa na furaha, na hakufikiri Jumapili ataulizwa nini.

*

Jumamosi Fundi Hoshim alilifungua lile bomba la kurudisha, akalielekeza kwenye chupa, akainua magurudumu ya mbele na kumwambia Mavjuda azungushe usukani hadi mwisho kila upande. Yale mafuta yalipoanza kumiminika, fundi alikunja pua. Alinusa. Aliinama akanusa tena. Mkewe alitoa kichwa dirishani, akauliza nani anakaanga nini.

"Gari," alimjibu Hoshim. Kisha akamgeukia Mavjuda. "Dada, haya yangepata kitunguu na karoti, tungekula mchana."

"Endelea tu, fundi."

Aliendelea. Alitia mafuta ya haidroliki, akayaacha yasombe mabaki, akayatoa, akatia mengine, hadi yaliyotoka yakawa mekundu na safi kama yaliyoingia. Akafunga bomba jipya na klipu mpya. Walizungusha usukani pole pole mpaka mapovu yakaisha kikoponi, na ule mlio ukafa.

"Kwa hiyo umemjua anayejaza," alisema fundi akifuta mikono.

"Nimemjua."

"Na huniambii."

"Nimeapa kwa mkate."

Hoshim aliitikia kwa kichwa. Mbele ya kiapo hicho hakuna wa kuuliza tena, ingawa ilionekana wazi kwamba kilimuuma.

*

Mavjuda ndiye aliyeng'ang'ania waje alfajiri. Gari lililala uani, na asubuhi kioo cha mbele kilikuwa na barafu ya kukwangua kwa kisu. Akobir alifika akipiga miayo, pamoja na Ismat, mtu mfupi aliyevaa glavu kubwa kama mito. Mavjuda aliwasha. Hakuna kilichonung'unika. Alitoka langoni, akafika kona ya msikiti, akaushika usukani kwa mkono mmoja, na Opel ikapinda mara moja tu, laini, ikaupita ukuta bila hata kuutazama. Aligeuka kwa mzee Ghafur, akarudi, akapinda tena. Mara ya pili haikuwa lazima. Alifanya kwa ajili ya raha yake.

Mzee Ghafur aliegemea ufagio. "Sumanak imeiva," alisema.

Ismat alivua glavu moja. "Kwa usukani huu naongeza bei," alimwambia Akobir.

Akobir alisimama akiitazama ile kona. "Haya, shemeji. Ugonjwa ulikuwa nini?"

"Mafuta ya usukani yalikuwa mabaya. Yaliganda kwa baridi. Yametolewa."

"Nani aliyatia?"

Mavjuda alizima injini, akashuka.

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema." Akobir hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayefanya hesabu. "Mimi sikuyatia. Nurullo hayupo. Fundi hajiharibii jina. Basi umebaki wewe. Ulitia kitu usichokijua, ukakaribia kuingia mferejini nacho. Wiki ijayo utatia nini, chai? Ugonjwa wa gari hili ni dereva, na huo hautibiki kwa klipu. Nitamwambia Nurullo hivyo."

Ismat, ambaye hakutaka kuingia katika mambo ya familia, aliigeukia tairi ya mbele na kuikagua kwa makini. Wale wanaume waliotoka msikitini walikuwa wamesimama tena. Uso wa Mavjuda uliwaka. Jibu alikuwa nalo, fupi na kamili, na mkono wake bado uliukumbuka ule mkate.

"Nilitia mimi."

Bi Sharofat alikuwa ametoka langoni na viatu vya ndani, kwenye theluji.

"Mama, rudi, utaugua," alisema Akobir.

"Nilitia mimi. Kila Alhamisi. Mafuta ya chalpak." Alinyoosha mgongo. "Ya juu, yaliyo safi."

Hakuna aliyesogea. Ufagio wa mzee Ghafur peke yake ulianguka.

"Kwenye gari," alisema Akobir.

"Kwa baba yako."

Akobir aligeukia ukuta. Aliweka mkono mmoja ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ismat alishusha macho kwa heshima, akidhani analia. Kisha sauti ikatoka, na ilikuwa kicheko, cha mtu anayejaribu kukizuia na kushindwa, mpaka kofia ya manyoya ikamdondoka. Alipogeuka macho yalikuwa na maji, na kama ni ya kicheko au ya kilio, yeye mwenyewe asingeweza kutenganisha.

"Mama," alisema, "baba alikuwa hapendi chalpak. Alikuwa anakula kwa ajili yako."

"Najua," alisema Bi Sharofat. "Ndiyo maana nilimpa mafuta tu."

Hapo hata Mavjuda hakuweza kujizuia tena. Alicheka akiwa ameshikilia mlango wa gari, mzee Ghafur akacheka, wale wa msikitini wakaulizana ni nini kisha wakacheka nao. Ni Ismat tu aliyebaki na glavu yake mkononi.

"Sasa mimi," aliuliza, "nanunua au sinunui?"

"Gari lenye mtu ndani haliuzwi," alisema Bi Sharofat. "Lakini wewe ingia unywe chai."

Akobir aliokota kofia, akaipigapiga theluji. Alimgeukia Mavjuda. "Ulijua, ukanyamaza mbele ya watu wote hawa."

"Niliapa."

"Kwa mkate?"

"Kwa mkate."

"Na ningekwenda zangu na hela za Ismat?"

"Ningekuwa nauza sambusa vuguvugu."

Akobir alivaa kofia. "Nitampigia Nurullo," alisema. "Nitamwambia ugonjwa umejulikana." Alianza kucheka upya. "Lakini huo lazima nimwambie kwa video."

*

Siku hizi sambusa hufika kantini zikiwa za moto, na mwenye kantini hupeperusha vidole akizigusa, asiache kusema kwamba kitunguu kimepungua. Harusi iliyofuata ya ukoo, kisa kilisimuliwa kama Bi Sharofat alivyohofia. Msimulizi alikuwa Bi Sharofat mwenyewe. Alidai Akobir anakiharibu.

Alhamisi ya kwanza baada ya ile Jumapili, unga ulipokwisha kukaangwa, alivuka ua na sahani ya chalpak, wazi, bila shali. Mavjuda alikuwa ameshafungua boneti.

"Ana kiu?" aliuliza Bi Sharofat.

Mavjuda alikagua alama. "Hana, mama. Bomba jipya halivuji."

Bi Sharofat alionekana kama mgeni aliyeambiwa wenyeji wameshakula. Alisogea, akaishikilia sahani juu ya injini, karibu na kile kikopo, ili mvuke wa moto uingie mwote: kwenye mkanda, kwenye mabomba, hadi chini kusikoonekana. Alikaa hivyo bila haraka. Mavjuda alishikilia boneti.

"Haya toka," alisema Bi Sharofat hatimaye, na hakuwa akimwambia Mavjuda. "Chakula kinapoa."